Kuhifadhi Treki Moja Moja Katika Kunasa Masomo ya Sauti

1. Utangulizi

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo chuo cha ualimu kinaweza kujitengenezea kwa gharama ndogo, somo lililonaswa katika sauti lina nafasi yake maalumu. Redio imewafundisha watu wa nchi yetu kwa muda mrefu. Itakumbukwa kwamba mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa vipindi vya redio vilivyosikilizwa na kujadiliwa katika vikundi vya masomo vijijini. Siku hizo kunasa kipindi kulihitaji studio, mafundi na mikanda. Leo mwalimu mwenye kompyuta ya kawaida na maikrofoni moja anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi ile katika chumba cha darasa.

Hata hivyo, wepesi huu umekuja na uzembe wake. Walimu wengi tuliowaona, na sisi wenyewe tukiwamo, hunasa sauti kadhaa kwa uangalifu, huzipanga vizuri, kisha huzichanganya zote kuwa faili moja na kuifuta kazi ya mwanzo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini tabia hiyo ni hasara kwa mwalimu, na ni hatua zipi za kufuata ili kila sauti ibaki imehifadhiwa peke yake. Mifano yetu tumeitoa katika programu iitwayo Audacity, kwa kuwa hupatikana bila malipo na hutumika katika kompyuta za aina nyingi. Kanuni zenyewe, lakini, ni zile zile katika programu yoyote ya kunasa treki nyingi.

2. Kosa tulilolifanya

Yafaa tuanze kwa kueleza jinsi sisi wenyewe tulivyojifunza jambo hili. Miaka michache iliyopita tulimwalika chuoni mzee mmoja wa kijiji jirani, aliyekuwa bingwa wa kutamba ngano. Tulinasa sauti yake katika siku moja. Siku iliyofuata wanachuo walinasa viitikio vya wimbo ulio ndani ya ngano, na wengine wakanasa ngoma. Kisha tulizichanganya sauti zote, tukapata faili moja ya dakika kumi na nane, na kila aliyeisikia aliisifu. Kwa kuwa diski ya kompyuta ilikuwa inakaribia kujaa, tulifuta mengine yote.

Mwaka uliofuata tulitaka kuitumia ngano ile katika mazoezi ya kufundisha darasa la tatu. Watoto walifurahia ngoma, lakini walipoulizwa maswali ilidhihirika kwamba hawakuyapata maneno ya mzee mahali pale ambapo kisa kinageuka. Ngoma ilikuwa imeyafunika. Masikio yetu ya watu wazima, ambao tulikwisha kuijua ngano, hayakuwa yamelitambua tatizo hilo. Dawa ilikuwa nyepesi: kupunguza ngoma, basi. Tulipokwenda kuipunguza, hatukuwa na ngoma peke yake wala mzee peke yake. Tulikuwa na mchanganyiko tu. Na mzee alikuwa amekwisha kufariki.

Maziwa yakishaingia katika chai hayatoki. Ndivyo ilivyo kwa sauti: kuzichanganya ni kazi ya dakika moja, bali kuzitenganisha tena ni kazi ambayo hata wataalamu huishindwa, au huiweza nusunusu.

3. Treki ni nini?

Treki ni mkondo mmoja wa sauti uliotengwa na mingine. Katika skrini ya kompyuta huonekana kama mstari mrefu wenye mawimbi, na mistari hiyo hupangwa mmoja chini ya mwingine. Mzee ana mstari wake, waitikiaji wana wao, ngoma ina wake. Programu inapochezesha kazi nzima, husoma mistari yote kwa wakati mmoja na kuyajumlisha mawimbi yake, na msikilizaji husikia kitu kimoja. Lakini ndani ya kompyuta sauti hizo bado hazijagusana. Mwalimu aweza kuongeza moja, kupunguza nyingine, au kuinyamazisha kabisa ya tatu.

Ni muhimu kulielewa neno hili “kujumlisha”. Mtu akiambiwa kwamba 7 na 5 ni 12, ni rahisi kukubali. Lakini akipewa 12 peke yake na kuulizwa imetokana na namba zipi mbili, hawezi kujibu kwa hakika, kwani 12 yaweza kuwa 7 na 5, au 8 na 4, au 10 na 2. Faili iliyochanganywa ni ile 12. Sampuli zake hufika maelfu kwa kila sekunde, na kila moja ni jumla ambayo viungo vyake vimekwisha kupotea.

4. Historia kwa ufupi

Wazo la kunasa sauti moja baada ya nyingine lilianza zamani, kabla ya kompyuta. Mwaka 1948 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alitoa wimbo “Lover” ambamo magitaa yote yanayosikika aliyapiga mwenyewe. Alikuwa akinasa gitaa moja katika sahani ya santuri, kisha akiichezesha sahani hiyo huku akipiga gitaa la pili, na vyote viwili vikinaswa katika sahani nyingine. Akikosea katika tabaka la mwisho, kazi ilimrudisha nyuma. Mwaka 1957 alipata kutoka kampuni ya Ampex mashine ya mkanda yenye treki nane, na kuanzia hapo aliweza kuirudia sauti moja bila kuzigusa saba nyingine.

Hata baada ya hapo treki zilikuwa adimu. Sahani ya The Beatles ya mwaka 1967, “Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band”, ilinaswa mjini London kwa mashine za treki nne. Treki nne zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuziweka katika treki moja au mbili za mashine nyingine ili wapate nafasi ya sauti mpya. Waliamua mapema ni sauti ipi iwe kubwa na ipi iwe ndogo, na uamuzi huo haukuweza kurekebishwa baadaye.

Mafundi hao walichanganya mapema kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo. Programu ya Audacity, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, humpa mwalimu treki nyingi kuliko atakazozihitaji katika somo lolote. Tukichanganya na kufuta, twajirudishia wenyewe umaskini ambao wenzetu walilazimika kuuvumilia.

5. Vitu vitatu vya kuhifadhiwa

Chanzo cha makosa mengi ni kudhani kwamba kuhifadhi ni tendo moja. Kwa kweli kuna vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina kazi yake.

(a) Mradi. Hii ni kazi nzima ikiwa katika hali ya kufanyiwa marekebisho: treki zote, majina yake, mahali zilipokatwa, na vipimo vya ukubwa wa sauti. Katika Audacity huhifadhiwa kwa amri ya “Save Project”. Mradi haufunguki katika redio wala katika simu. Ni wa mtengenezaji. Tena hufungamana na programu yake, na wakati mwingine na toleo lake. Tangu toleo la 3.0, lililotoka Machi 2021, mradi wote hukaa katika faili moja yenye mwisho wa .aup3, ambayo matoleo ya 2 hayawezi kuifungua. Kabla ya hapo mradi ulikuwa na sehemu mbili: faili ndogo yenye mwisho wa .aup, na folda iliyobeba sauti zenyewe. Walimu waliohamisha faili ndogo peke yake kwenye flashi walifika nyumbani na mradi usiokuwa na sauti hata moja. Mwenye miradi ya zamani hana budi kuhakikisha kwamba anahamisha vyote viwili.

(b) Treki moja moja. Hapa kila sauti hutolewa nje ya mradi ikawa faili yake yenyewe, inayoweza kufunguliwa na programu yoyote. Aina inayofaa ni WAV, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1991 na haipunguzi chochote katika sauti. Hiki ndicho kitu kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho akiba ya kweli, kwa kuwa hakitegemei uhai wa programu fulani.

(c) Mchanganyiko. Hii ni faili moja ya kumsikilizisha mwanafunzi, na hapa MP3 yafaa kwa sababu ni nyepesi. Lakini MP3 hupata wepesi wake kwa kutupa sehemu ya sauti ambayo sikio halitarajiwi kuitambua. Ikifunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena kama MP3, hutupwa nyingine. Kwa hiyo isichukuliwe kuwa akiba.

6. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kupanga kabla ya kunasa. Mwalimu aandike orodha ya sauti anazozihitaji: mtambaji, waitikiaji, ngoma, sauti za mazingira. Kila jina katika orodha liwe treki. Mtu mmoja mwenye maikrofoni moja atazinasa moja baada ya nyingine, kwani watu wanne wakizungumza mbele ya maikrofoni moja hutoa treki moja tu, na ni vigumu kwa programu kuwagawa vizuri.

Hatua ya pili ni kunasa treki ya kwanza, ambayo yafaa iwe ile inayoongoza, kama vile sauti ya mtambaji. Maikrofoni iwe karibu na mdomo kwa kadiri ya shubiri moja au mbili, na kipimo cha sauti kisifike juu kabisa. Kila treki ikiachiwa nafasi hapo juu, jumla yake haitakwaruza zitakapochezeshwa pamoja.

Hatua ya tatu ni kunasa treki zinazofuata huku ya kwanza ikisikika. Katika matoleo ya 3 ya Audacity, kitufe cha R peke yake huendeleza treki iliyopo, bali Shift pamoja na R hufungua treki mpya. Anayenaswa lazima avae vipokea sauti vya masikioni. Akisikiliza kwa spika, sauti ya mtambaji itaingia katika maikrofoni pamoja na ngoma, na treki ya ngoma itakuwa na mtambaji ndani yake. Hapo utengano utakuwa wa jina tu.

Huenda treki mpya ikasikika imechelewa kidogo. Kompyuta huchukua muda kuipokea sauti, na Audacity hurekebisha kwa kuisogeza treki nyuma milisekunde 130, kipimo kilichowekwa tangu mwanzo. Kwa vile kompyuta hazilingani, mwalimu ajaribu kwa makofi: ampige mmoja makofi yaliyonaswa, mwingine apige pamoja nayo, kisha atazame kama mawimbi yanakaa sawa. Yakipishana, abadilishe kipimo hicho mara moja na kukiandika.

Hatua ya nne ni kuipa kila treki jina wakati ule ule. Majina yanayotolewa na programu hayasemi lolote. Sisi hutumia namba ya somo na jina la sauti, kwa mfano ngano03_mtambaji, ngano03_ngoma.

Hatua ya tano ni kuhakikisha kwamba treki zote zinaanza mahali pamoja. Ikiwa ngoma inaingia katika dakika ya nne, sehemu ya mbele yake ijazwe kimya tangu sifuri. Bila hivyo, faili ya ngoma yaweza kutoka nje ikiwa imeanza na pigo la kwanza, na atakayeifungua baadaye hatajua iwekwe wapi.

Hatua ya sita ni kuzitoa treki nje. Katika matoleo mapya ya Audacity, amri ya “Export” ina nafasi ya kuchagua kutoa faili nyingi kwa kufuata treki. Iwapo toleo halina nafasi hiyo, iko njia inayofaa popote: bonyeza kitufe cha “Solo” katika treki ya kwanza ili nyingine zinyamaze, itoe kama WAV, kisha uende kwenye ya pili, hadi mwisho.

Hatua ya saba ni jaribio, nayo isirukwe. Fungua mradi mpya usio na kitu, ingiza zile faili za WAV, na usikilize. Zikisikika kama kazi ya awali, akiba imekamilika. Zikipishana, kosa litaonekana wakati bado linaweza kurekebishwa.

7. Manufaa katika ufundishaji

Msomaji aweza kuuliza kama taabu hii ina faida ya kutosha. Tumeona manufaa manne.

Kwanza, somo moja huweza kupangwa katika daraja za ugumu. Katika ufahamu wa kusikiliza, wanafunzi huanza na sauti ya msimulizi peke yake. Wakiizoea, huongezewa sauti za soko kwa mbali, kisha kwa karibu, hadi wasikilize kama watakavyosikiliza katika maisha. Mwalimu hakunasa masomo matatu. Amechanganya treki zile zile kwa namna tatu.

Pili, mwanafunzi anaweza kupewa nafasi ndani ya somo. Katika mazungumzo ya watu wawili, treki ya mmoja hunyamazishwa, na mwanafunzi hujibu mahali pake kabla ya mwenzake kuendelea. Kadhalika katika muziki, kwaya ya sauti nne huchezeshwa bila sauti ya pili, na wanafunzi wa sauti ya pili wakaijaza. Zoezi hili haliwezekani kwa mchanganyiko.

Tatu, makosa husahihishwa kwa gharama ndogo. Mtaala ukibadilisha istilahi moja, msimulizi hurudia sentensi moja. Waitikiaji na wapigaji ngoma, ambao pengine wamekwisha kuhitimu na kutawanyika, hawahitajiki tena.

Nne, sauti za watu huhifadhiwa kwa ajili ya kazi ambazo bado hatujaziwaza. Mtaalamu wa lahaja atataka kumsikia mzee bila ngoma. Mwalimu wa muziki atataka ngoma bila mzee. Hatuwezi kujua leo ni yupi atakayekuja.

8. Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni nafasi. Treki moja iliyonaswa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 32, huchukua megabaiti 10.6 kwa dakika. Somo la dakika 20 lenye treki nne basi ni kama megabaiti 850 za mradi. Faili nne za WAV za biti 16 ni nusu ya hapo, nao mchanganyiko wa MP3 wa kilobiti 128 ni megabaiti 19 tu. Tofauti hii ndiyo iliyotushawishi kufuta. Lakini flashi moja ya gigabaiti 64 huchukua zaidi ya masomo arobaini ya namna hiyo pamoja na akiba zake zote. Tulichokiokoa siku ile kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na tulichokipoteza.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi, kwa kuwa kinahusu sanaa yenyewe. Mtambaji hatambi mbele ya ukuta. Anaposema “Paukwa!” anangoja kusikia “Pakawa!”, na asipoitikiwa ngano hupoa. Katika hali hiyo tunashauri watu wakae pamoja, ila kila upande uwe na kinasa sauti chake kilichowekwa karibu, hata kama ni simu. Mtu mmoja apige kofi moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni. Makofi hayo mawili yatasaidia kuzilinganisha faili katika kompyuta, kwani saa za simu mbili huachana kidogo kidogo katika unasaji mrefu. Treki hizo hazitakuwa safi kabisa. Kila moja itakuwa na mwangwi wa nyingine. Lakini mtambaji atatawala katika yake, na hilo latosha kwa marekebisho mengi.

Wako wanaosema kwamba siku hizi kompyuta hutenganisha sauti zilizochanganywa. Ni kweli kwa kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Lennon alinasa wimbo “Now and Then” nyumbani kwake New York, sauti yake na piano zikiwa katika kaseti moja. Mwaka 1995 wenzake watatu waliokuwa hai walijaribu kuukamilisha wakauacha, sababu moja ikiwa ugumu wa kuitoa sauti katika piano. Wimbo ulitoka Novemba 2023, baada ya programu iliyofunzwa kutambua sauti kuifanya kazi hiyo. Zipo pia programu za bure, kama Spleeter iliyotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Deezer ya Ufaransa. Tuliijaribu programu ya namna hiyo kwa ngano yetu. Ngoma ilipungua, lakini pamoja nayo zilikwenda herufi za mwanzo za maneno kadhaa, na sauti ya mzee ikawa kama ya mtu azungumzaye ndani ya mtungi. Programu hizi hukisia kile kilichokuwapo. Mwenye treki zake hana haja ya kukisia.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchanganyiko ni wa msikilizaji, bali treki ni za mwalimu, na kwamba kazi ya kunasa haijakwisha mpaka vitu vyote vitatu vimehifadhiwa: mradi, treki moja moja na mchanganyiko. Katika idara yetu sasa kuna daftari la kunasia. Kila somo lina ukurasa wake wenye tarehe, majina ya treki, kipimo cha uchelewesho wa kompyuta iliyotumika, idhini ya walionaswa, na mahali palipowekwa nakala mbili, moja chuoni na nyingine nje ya jengo. Mwanachuo hahesabiwi kuwa amemaliza zoezi lake hadi jaribio la hatua ya saba limetiwa alama.

Ile ngano ya mzee bado tunaitumia, pamoja na ngoma yake iliyozidi. Pale ambapo maneno hayasikiki, mwalimu husimamisha sauti na kuyasema mwenyewe kadiri anavyoyakumbuka. Ni matumaini yetu kwamba wakufunzi wenzetu, ambao bado wanao wazee wa kuwanasa katika maeneo yao, watazijaribu hatua hizi na kutuandikia katika kurasa hizi yale watakayoyaona.